Tagi ya Redio

Wusi,
22 Februari 2025

Mdogo wangu Donald,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na Jedidah mko wazima na joto la Voi halijawamaliza. Sisi tuko salama. Maharagwe ya shamba la juu yametoka vizuri, ya chini yamenyauka. Shanice wangu anaendelea na shule na tayari analalamika kwamba jiografia ni ngumu, kana kwamba mwaka jana ilikuwa rahisi.

Najua unacheka kuona barua. Cheka tu. Simu katika nyumba hii inaongelewa sebuleni, na Baba anasikia kila kitu hata kama hawezi kujibu. Halafu wewe kwenye simu husema "sawa dada, nakuja wiki hii", na wiki zinapita. Ukiandika kwa mkono wako nitakuwa na ushahidi.

Baba yuko vile vile tangu kiharusi. Mkono wa kulia umelala kabisa. Wa kushoto nguvu imebaki kwenye kidole gumba, na hicho ndicho anachosemea: kikipanda ni ndiyo, kikishuka ni hapana. Maneno yanatoka moja moja, tena kwa taabu. Asubuhi namtoa verandani na hapo anashinda akitazama bwawa letu la samaki. Kinachoniuma ni kwamba kila kitu lazima aombe. Maji aombe, kugeuzwa aombe, hata kufukuziwa nzi. Na huyu ni mtu aliyemaliza ujana wake bandarini Kilindini kwenye tagi, boti ndogo inayokokota meli kubwa kama ghorofa.

Sasa ombi langu. Kituku, yule anayepeleka mboga soko la Voi, amekuletea gunia. Ndani, kwenye leso ya marehemu Mama, utaikuta ile tagi ya mbao aliyoichonga Baba alipostaafu. Nataka uifanye iwe ya redio. Wewe ni fundi wa redio, sina haja ya kukufundisha kazi. La muhimu ni Baba aweze kuitumia mwenyewe akiwa kitini, kwa kidole gumba, bila kumwomba mtu. Na uhakikishe haiingii maji.

Nisalimie Jedidah.

Dada yako,
Tryphena


Voi,
18 Machi 2025

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Tuko wazima ila joto na vumbi. Kule kwao Jedidah, Kasigau, ndovu wameingia shambani na kumaliza mahindi ya mama mkwe, wakavunja na tangi la maji kwa kiburi tu. Jedidah amekwenda kumtuliza mama yake, kwa hivyo wiki hii napika mwenyewe na ninajuta.

Niliposoma barua yako niliona haya. Tangu radi ichome redio ya nyumbani Baba anakaa verandani kimya kutwa, na mimi ambaye watu wa Voi nzima huniletea redio zao sikuwahi kuliwaza hilo. Wewe umeliwaza. Basi nikafunga kazi za wateja nikashika hii.

Dada, imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Spika nimeiweka ndani ya pua ya boti, nikatoboa matundu madogo mbele ili sauti itoke. Kile chumba cha nahodha nimekikata upande wa nyuma betri ipate kuingia. Pale palipokuwa na usukani nimeweka kitufe kimoja kikubwa; Baba akikibonyeza inafunguka, akibonyeza tena inabadilisha stesheni. Mlingoti ndio antena. Hata wewe hutaamini inavyovuta.

Kuhusu maji usiwe na wasiwasi. Najua veranda inavuja, nimeziba kila mshono kwa gundi. Mvua ya Wusi ipige itakavyo.

Niambie tu Baba anapenda stesheni gani siku hizi, niziweke kabisa kabla sijaileta.

Mimi mdogo wako,
Donald


Wusi,
23 Machi 2025

Donald,

Hatujambo. Mvua imeanza, barabara ya kwenda Wundanyi ni matope matupu, na Baba anakula vizuri. Pole kwa mama mkwe na tangi lake.

Barua yako niliisomea shuleni wakati wa chai. Nilipofika kwenye stesheni nilidhani unanitania. Nikarudi juu nikasoma tena, nikaelewa, na nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mwalimu Valentine akataka kujua nina nini. Nikawasomea wote.

Mdogo wangu, tagi ya redio si tagi yenye redio! Ni ya kuendeshwa kwa rimoti. Shanice alinionyesha kwenye simu yake: wazee wa watu, tena wenye heshima zao, wamesimama kando ya ziwa, na meli zao ndogo zinakwenda, zinakata kona, zinarudi. Redio ni yale mawimbi yanayobeba amri kutoka kwenye rimoti. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Na maji niliyosema ni ya bwawa, si ya veranda.

Basi toa hayo maspika uweke mota. Nilishamwambia Baba, sikuweza kujizuia. Nilimwambia ataiendesha tagi yake bwawani mwenyewe kwa kidole chake. Kidole kikapanda, na kikakaa juu muda mrefu sijapata kuona. Sasa kila asubuhi nikimtoa nje anatazama bwawa, halafu ananitazama mimi.

Stesheni! Nitakufa na hili.

Tryphena


Voi,
30 Aprili 2025

Kwa dada,

Barua ilifika. Sisi ni wazima. Jedidah amerudi kutoka Kasigau.

Vipuri vya hiyo kazi vinatoka Mombasa na bado havijafika. Vikifika nitakujulisha. Simu yangu imezima kwa sababu ina shida ya chaji, ndiyo maana hunipati.

Usimtume Kituku tena kuniuliza mbele ya watu.

Ni mimi,
Donald


Wusi,
11 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nakusalimu, ingawa sijui kama unataka salamu zangu. Huku mvua imezidi, sehemu ya ukingo wa bwawa imebomoka na Shanice na mimi tumeshinda Jumamosi tukibeba udongo. Tuko wazima.

Fundi mwenye shida ya chaji. Nilisoma hapo nikataka kucheka tena, na sikuweza, kwa sababu Kituku alikuwa ameshaniambia. Anasema sokoni wanakuita Kapteni Stesheni. Anasema kuna mtu alikuletea redio, akakuuliza mbele ya wateja kama ukimaliza kuitengeneza itaelea. Anasema ulipomwona yeye na gari lake la mboga ulishusha mlango wa duka kabla hajazima injini.

Jina hilo halikuzaliwa Voi. Lilitoka kwenye mdomo wangu. Nililitamka wakati wa chai, wenzangu wakacheka, nikafurahi kwamba wanacheka, nikalirudia Jumapili kwa akina mama wa kanisa. Mume wa mmoja wao huteremsha viazi pale sokoni kwenu. Lilishuka mlima haraka kuliko mimi ningeweza kushuka kulizuia. Nimeona aibu, Donald. Nilikuomba kazi ya mikono yako, ukaifanya kwa upendo, nami nikaifanya mchezo.

Tena kosa lenyewe ni langu. Nimeitoa ile barua yako nikakumbuka maneno niliyokuandikia. "Uifanye iwe ya redio." Mtoto wa darasa la sita akiniandikia sentensi kama hiyo naizungushia wino mwekundu na kumuuliza ana maana gani. Mimi sikujiuliza. Nilitaka tu nionekane najua mambo.

Lililobaki ni hili, na naliandika bila mzaha. Juzi nilimuuliza Baba kama anataka uji, kidole kikachelewa kupanda. Jana kikachelewa tena. Muuguzi wa zahanati anasema kiharusi cha pili huwa hakipigi hodi. Gari la Kituku likisikika kwenye kona, Baba anageuza macho barabarani. Sijui nimwambie nini.

Nisamehe. Ukishindwa kunisamehe, jibu kwa ajili yake.

Tryphena


Voi,
28 Julai 2025

Dada Tryphena,

Salamu kwako, kwa Baba na kwa Shanice. Sisi hatujambo. Jedidah ameniambia nisipoandika barua hii leo ataiandika yeye, nawe unajua mwandiko wake.

Hakukuwa na vipuri vilivyotoka Mombasa. Nilikudanganya. Na jina la sokoni usilibebe peke yako, liliniuma lakini lingepita. Hapa Voi watu wakichoka na jina moja wanatafuta lingine. Kilichonifungia mlango ni kitu ambacho sikukiandika.

Unakumbuka usukani mdogo uliokuwa ndani ya chumba cha nahodha? Nilipoung'oa ili niweke kitufe changu, niliutupa kwenye kopo la misumari bila kuuangalia. Barua yako ya kunieleza ilipofika nikautafuta niurudishe. Nikaugeuza. Dada, ni kifungo. Ni kifungo cha lile koti la bluu la Mama, la kwenda kanisani, na uzi bado umo kwenye matundu. Baba alikitia humo akakizungushia waya, hakumwambia mtu. Mimi nikakipiga bisibisi nikakipasua ukingo.

Kuanzia siku hiyo nikiona tagi mezani naifunika. Utoto wetu wote tuliwaringia wenzetu kwamba Baba ni nahodha, na mimi nimekata kwa msumeno mahali pake pa kusimama, nikamtoboa Mama, nikaweka kitufe cha stesheni. Ningemwonyeshaje?

Barua yako ya Mei nimekaa nayo. Siku moja nikaona kwenye rundo la mitumba gari la kuchezea, magurudumu yamekufa lakini rimoti yake inaitika. Nikalichukua kimya kimya kama mwizi. Nimetoa matumbo yake yote. Mota yake sasa inazungusha propela, na kile kijimota kilichokuwa kikigeuza magurudumu kinageuza usukani wa nyuma, ule wa majini. Chuma cha propela kinapita kwenye bomba jembamba la shaba nililolishindilia grisi, kwa sababu mara ya kwanza niliijaribu ndani ya pipa la maji nyuma ya duka na maji yakaingia hapo hapo, betri ikafa. Nikaziba, nikarudia. Ikaelea vizuri kisha ikalala ubavu mbele ya macho yangu. Juu ilikuwa nzito mno. Nikaishusha betri chini kabisa na kupanga nati kuukuu za reli kwenye tumbo lake, na sasa hata ukiisukuma inarudi wima. Kwenye rimoti nimeondoa vishikio vyote nikaacha kimoja, kinene, cha kidole gumba. Kwenda mbele, kurudi nyuma, kushoto, kulia, ni hicho hicho.

Spika sikuweza kuitoa bila kupasua pua, nimeiacha humo bubu na matundu nimeyaziba. Chumba cha nahodha nimekijenga upya, na kusema kweli kinafanana na choo. Kifungo hakikai tena. Ninacho mfukoni.

Namkabidhi Kituku tagi na rimoti. Mimi siji. Mwambie Baba kazi zimenizidi. Akiuliza nani aliyemharibia chumba, kama ataweza kuuliza, mwambie ni mimi, lakini umwambie nisipokuwepo.

Mdogo wako,
Donald


Wusi,
9 Agosti 2025

Donald,

Tunawasalimu wewe na Jedidah, mwambie asante kwa kukusimamia. Ukungu haujainuka wiki nzima. Tagi ilifika salama. Ninakueleza yote kama yalivyokuwa, usiruke mahali.

Nilimwekea Baba mapajani. Mimi nikawa nimesimama nyuma ya kiti, macho nimeyafumba nusu, nikingoja aone chumba. Hakukitazama. Kidole gumba kilitambaa moja kwa moja mpaka nyuma, kwenye ile kulabu ya shaba ya kufungia kamba, kikaizunguka, kikaisukuma kuona kama bado imekaza. Kikapanda. Nikashusha pumzi.

Tukamsogeza mpaka ukingoni mwa bwawa. Shanice akaiweka majini, na kweli ikakaa wima kama ulivyosema. Nikamwekea rimoti chini ya mkono. Kidole kikashuka.

Nilidhani hajaelewa. Shanice akabonyeza kidogo, tagi ikaenda na kurudi, samaki wakatawanyika. Tukamwekea tena. Kidole chini. Hapo nikaona aibu kwa niaba yako, nikasema moyoni kumbe chumba alikiona. Nikaanza kumweleza kwamba Donald hakukusudia, mimi ndiye niliyeandika vibaya. Akatikisa kichwa kwa nguvu na kutoa neno moja.

"Kamba."

Shanice akaleta uzi wa kufungia magunia, akaufunga kwenye kulabu, akampa Baba ncha ya pili. Aliushika kwa vidole ambavyo nilidhani vimekufa. Nikamwambia sasa basi, Baba, wewe ndiye nahodha, endesha. Kidole chini. Nikarudia neno nahodha. Chini. Donald, nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye matope, nikamtazama usoni na kumuuliza waziwazi.

"Baba, hukuwa nahodha?"

Kidole kikashuka, na macho yake yakakimbia yangu. Nikamuuliza kama alikuwa mtu wa kamba. Kikapanda.

Hakuwahi kushika usukani maisha yake yote. Alikuwa anasimama nyuma, anatupa kamba, anaifunga meli, anaifungua. Sisi ndio tuliomfanya nahodha, kwa midomo yetu, shuleni na kanisani, naye akaona tunavyoringa akashindwa kutukatiza. Nadhani ule usukani wa kifungo alimwekea Mama, mtu pekee katika nyumba ile aliyekuwa akimwendesha. Amekaa na aibu hiyo muda wote huu, Donald. Nilimwona jinsi alivyoinamisha kichwa, mzee mzima, kama mtoto niliyemkuta na kosa. Nikamkumbatia pale pale na tope langu.

Kisha nikamuuliza basi nani aendeshe. Mimi? Chini. Shanice? Chini, na Shanice akanuna. Nikamuuliza, "Donald?"

Kikapanda. Nikamuuliza mara ya pili, maana mimi ni mwalimu. Kilibaki juu.

Kwa hiyo tagi iko kwenye meza ya verandani haijafanya kazi. Uzi umefungwa mkononi mwa Baba na hataki tuufungue, hata akioga. Asubuhi kidole kinachelewa zaidi kuliko jana yake. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tryphena


Voi,
15 Agosti 2025

Dada,

Hii haina salamu, kwa sababu salamu nitakupa kwa mdomo. Nilitaka kumpa Kituku barua akuletee, lakini nimepanda gari hilo hilo, niko hapa nyuma kati ya makreti matupu ya nyanya, naandika kwenye goti. Itakufikia kutoka mkononi mwangu.

Ukiwa unaisoma, mimi nimesimama mbele yako. Naomba usinitazame usoni kwanza, na usiniambie karibu, nitalia mbele ya Shanice. Nionyeshe tu njia ya kwenda bwawani kana kwamba siijui. Nina rangi, nina betri ya akiba, na kifungo nimekitoboa upya, kitakaa.

Wewe nitangulie kwa Baba, umwambie mtu wa usukani amefika. La, usimwambie hivyo, tusianze tena mambo hayo. Mwambie ni Donald, fundi wa redio, na ashike kamba.